Kioo Kisicho na Magadi

Kioo cha kabati kilikuwa kirefu kumzidi fundi mwenyewe. Alikibeba kwa mbele, kimemwegemea bega na shavu, kwa hiyo hakuona lolote la barabarani isipokuwa miguu ya watu. Ilikuwa saa saba mchana na mtaa wa vifaa vya ujenzi umefurika: mikokoteni ya saruji inapita, mabati yanashushwa kwa kishindo, wauza misumari wanaitana kutoka upande huu hadi ule. Fundi alikwenda kwa kukwepa viatu. Vikatokea viatu viwili vya raba, vyeupe, vimefungwa kamba za kijani, vikasimama mbele ya kioo na havikuondoka.

"Samahani, naomba njia," akasema kutoka nyuma ya kioo.

"Dakika moja," sauti ya kike ikajibu bila haraka yoyote. "Usikitikise."

Akatii, hata yeye hakujua kwa nini. Mikono ilipoanza kumwuma akachungulia ubavuni. Mwanamke wa miaka kama thelathini, gauni la buluu lenye mifuko mikubwa, miwani imepandishwa kwenye paji la uso, alikuwa anajifunga upya kitambaa cha njano kichwani, pini mbili kazibana kwa midomo. Alikuwa anajitazama kwa makini kama yuko chumbani kwake na mlango umefungwa.

"Dada, hiki kioo kina mwenyewe, na kina safari."

"Na mimi nina safari. Nikifika ninakokwenda kichwa kimetimka hivi, nani atanisikiliza?" Akachomeka pini ya mwisho, akashusha miwani. "Haya, asante. Sasa nielekeze. Wapi hapa naweza kukatiwa vioo?"

"Huyu unayemwuliza amebeba nini?"

Mwanamke akamtazama, akakitazama kioo, akaangua kicheko ambacho kilimfanya muuza misumari ageuke. Wakaongozana.

Duka lilikuwa la shangazi yake fundi, mama wa makamo mwenye mwili na maneno, aliyekalia kaunta tangu kufungua hadi kufunga na hakuna habari iliyompita. Ndiye aliyemlea fundi, akamfundisha na kazi.

"Nataka vipande themanini," mgeni akasema. "Kioo cha kawaida cha dirisha, unene milimita mbili. Kila kipande milimita ishirini na tano kwa ishirini na tano."

Shangazi akaweka kalamu chini. "Mwanangu, hilo dirisha la nani? La mjusi?"

Wateja wakacheka, na mgeni akacheka nao. Akaeleza kwamba yeye ni mtafiti, yuko maabara ya chuo kikuu pale juu kilimani, na vipande hivyo ni vya kutengenezea seli za umemejua. "Ila visizidi wala visipungue. Hata nusu milimita."

"Karibu sana, Bi Milimita," akasema Shangazi, na jina likamganda.

Jioni hiyo alipofuata mzigo wake, Bi Milimita alitoa kipimo mfukoni, akapima kipande kimoja kimoja palepale kaunta, akarudisha vitatu. Tangu ajifunze kazi, fundi hakuwahi kurudishiwa kioo. Ilipasa akasirike. Badala yake akavikata upya, polepole kuliko ilivyohitajika, ili asiondoke upesi.

Akawa anakuja kila Alhamisi. Mara gauni la maua, mara suruali na shati la mistari, lakini viatu ni vilevile. Fundi akamfunza kukwaruza kioo mara moja tu, kwa mkono usiosita, kisha kukivunja kwa vidole bila kukitia ufa. Yeye akamfunza fundi kutamka majina ya madini. Shangazi akawa anakumbuka shughuli za nyuma ya duka kila Alhamisi ileile.

"Haloo, Bi Milimita," fundi akapiga simu siku moja. "Nilitaka kujua kama vipande vimetosha."

"Vimetosha."

"Vyote?"

"Fundi, uliniuliza hivyo jana."

"Jana niliulizia vya jana."

Kisha akasikia anacheka chinichini. "Leo hujaniuliza unachotaka kuniuliza. Nipo mpaka saa kumi na moja, halafu nina njaa."

Hapo ndipo mambo yalipoanza kunoga. Miezi mitatu baadaye walikuwa wanaitana mpenzi bila kuona aibu mbele ya watu, na fundi akaanza kunyoa ndevu kila asubuhi, jambo lililompa Shangazi mazungumzo ya wiki nzima.

Siku alipoalikwa maabara alivaa viatu vya kutokea. Chumba kilikuwa ghorofa ya pili, kidogo, cheupe, kinanuka spiriti. Bi Milimita alikuwa kwenye koti jeupe na kofia ya karatasi, na bado akapendeza. Akamwonyesha chungu kikubwa cha chuma chenye kidirisha cha duara.

"Humu tumenyonya hewa yote. Nachemsha shaba na madini mengine matatu mpaka yageuke mvuke, na mvuke unakwenda kutua juu ya kioo chako. Unabaki utando mwembamba kuliko unywele. Huo ndio unaonasa jua na kutoa umeme."

"Juu ya kioo changu?"

"Chako, laazizi."

Fundi akavimba kichwa. Lakini chungu kilipofunguliwa na vipande kutolewa, viwili vilikuwa vimepinda na kimoja kimepasuka katikati. Bi Milimita akakiweka kile kilichopasuka kwenye sahani, polepole, uso ukamshuka. Akasema moto wake unapita nyuzi mia tano, na kioo cha dirisha hakikutengenezwa kwa moto wa namna hiyo. Akaongeza, kama anajisemea, kwamba miezi miwili ijayo wanakuja wakaguzi, na wao ndio watakaoamua kama chumba hiki kitaendelea kuwa chake au atapewa mwingine. Miaka minne ya maisha yake ilikuwa ndani ya kile chungu.

Ule uso ulimkaa fundi moyoni. Akafikiri siku mbili, akaona ana dawa. Kipo kioo cha kuhimili moto, kile cha milango ya majiko ya kuokea, hakipindi wala hakipasuki. Akakitafuta kwa muuza vioo mkubwa, akakipata cha unene uleule, akakikata mwenyewe vipande themanini kwa jasho, maana ni kigumu na kina ukaidi. Akavifunga kwenye karatasi ya kaki kama ya siku zote. Hakumwambia. Bi Milimita alikuwa mtu wa kurudisha zawadi kwa asante nyingi na kichwa kimeinuliwa. Acha siku ya wakaguzi ifike, wakimsifu kwa vioo visivyopinda, ndipo atamnong'oneza sikioni. Alipokabidhi mzigo alijiona mwanamume kamili.

Simu ikaja Jumanne iliyofuata.

"Zimekufa," Bi Milimita akasema.

"Kina nani?"

"Seli zangu. Zilikuwa zinageuza asilimia kumi na tano ya mwanga kuwa umeme. Leo tisa."

"Tisa si haba."

"Mpenzi, tisa ni msiba."

"Na vioo, vimepinda?"

"Hata kimoja. Vimenyooka kama rula. Vioo vyako ndiyo furaha pekee niliyobaki nayo."

Fundi akakata simu huku anatabasamu, akamkatia mzigo wa pili wa kioo kilekile.

Wiki zikapita, tisa ikabaki tisa. Bi Milimita akafungua pampu, akaifunga. Akabadilisha maji ya kuoshea. Akaagiza shaba mpya. Alipokuja dukani alikuwa amekonda, kitambaa kimefungwa ovyo, na akapokea vipande bila kuvipima. Shangazi akamfuata mpaka mlangoni na kikombe cha chai, asikubali kurudi nacho kikiwa kimejaa.

Mchana mmoja wa wiki ya tano wawili hao walikaa kwenye benchi nje ya maabara. Fundi, kwa kutafuta la kumliwaza, akauliza kwa nini hasa alichagua kioo cha dirisha, kitu cha kawaida vile.

Macho ya Bi Milimita yakapata uhai kidogo. "Watu wanadhani kioo ni kiti tu cha kukalia utando. Kumbe kioo cha dirisha kimepikwa kwa mchanga, chokaa na magadi. Ndani ya magadi mna sodiamu. Ukikitia moto, ile sodiamu inapanda juu taratibu, inaingia kwenye utando na kuutengeneza. Chembe chache tu, lakini bila hizo umeme hautoki vizuri."

"Na kioo kikiwa hakina magadi?"

"Kama kile cha milango ya majiko? Basi ni mboga isiyotiwa chumvi." Akapiga miayo, akamwegemea begani. "Lakini hilo halinisumbui. Vyangu ni vya dirisha."

Fundi akaelewa ni nini kilichoziua zile seli. Alikuwa na nafasi ya kusema palepale. Akasema ana mteja anamngoja.

Siku mbili hakula vizuri. Shangazi akambana mpaka akatapika yote.

"Kwa hiyo umemdanganya mtoto wa watu."

"Sikumdanganya. Sikumwambia tu."

"Hiyo tofauti kamweleze yeye, mimi nimeshindwa kuiona."

Ila fundi alikuwa amepata njia nyingine, rahisi. Akakata vipande themanini vya kioo cha dirisha, safi, vya milimita sawasawa, akavifunga kwenye karatasi ya kaki. Atavipeleka leo. Bi Milimita atavitumia, seli zitafufuka zenyewe, atashangilia, na hakuna atakayejua zilikufa kwa nini. Njia nzima alijisifu kwa akili hiyo. Alipopanda ngazi za maabara alikuwa karibu anapiga mluzi.

Akamkuta amesimama mbele ya ubao mweupe. Kulikuwa na orodha imeandikwa kwa wino mwekundu: pampu, tanuri, shaba, maji, umeme wa jengo. Kila neno limekatwa kwa mstari. La mwisho chini kabisa halikukatwa. Liliandikwa: mikono yangu.

"Hii ya mwisho ni nini?" fundi akauliza.

"Vyote nimevibadilisha. Kilichobaki ni mimi." Alisema kwa utulivu, na utulivu ule ulitisha. "Kesho namwandikia profesa anayesimamia maabara, chumba wampe mwingine. Hakuna haja ya kuwasumbua wakaguzi."

Fundi akakitua kifurushi mezani. Akajikaza.

"Si mikono yako. Ni yangu."

Akamweleza yote: ufa, uso wake siku ile, kioo cha majiko, karatasi ya kaki. Bi Milimita akachukua kipande kimoja kwenye rafu, akakigeuza, akakitazama ubavuni, akakirudisha. Akakaa kwenye stuli.

"Wiki tano," akasema.

"Nilitaka visikupasukie tena."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa. Ndiyo maana watu huulizwa." Akavua miwani. "Umejua lini kwamba ni kioo?"

"Juzi. Pale benchini."

"Juzi." Akatazama ubao. "Unajua kwa nini kioo hakimo kwenye orodha yangu? Niliandika kila kitu kinachoingia humu ndani. Kioo sikukiandika kwa sababu kilitoka kwako."

Fundi angepigwa kofi angeumia kidogo kuliko hivyo. Akaomba msamaha. Bi Milimita akasema amesikia, kifurushi akiache, na yeye aende. Akaenda.

Siku kumi na moja simu haikulia. Fundi akawa anakata vioo vya watu kinyume, mlango wa bafu akaupima kama dirisha. Shangazi akavumilia mpaka alipovunja kioo cha kinyozi, kikubwa, cha ukuta mzima, akamwambia aende akalie nyuma ya duka kwa muda maalumu, akimaliza arudi kazini. Akaenda, akalia kweli, akarudi.

Siku ya kumi na mbili simu ikalia.

"Fundi." Sauti kavu, ya kazi. "Kile kioo cha majiko bado kipo?"

"Kipo. Lakini..."

"Naomba vipande arobaini. Leo."

"Unataka vilevile vilivyokuharibia?"

"Vilevile. Na usitie akili yako ndani ya kifurushi, tia kioo tu."

Ilikuwa kali, lakini ilikuwa sauti yake, na fundi akavikata vipande arobaini kwa moyo mweupe. Akavipeleka getini kama alivyoagizwa, akamkabidhi mlinzi, akarudi. Hakuuliza neno. Wiki moja baadaye ukaja ujumbe mfupi: wakaguzi wanakuja Ijumaa saa nne, naye aje, avae shati.

Shangazi alilipiga pasi shati hilo mara tatu.

Wakaguzi walikuwa watatu. Bi Milimita alivaa gauni jekundu la kola ndefu na kitambaa cheupe, kimefungwa vizuri ajabu, na sauti yake ilijaza chumba. Fundi alisimama karibu na mlango, amebana mikono isije ikagusa kitu. Akamsikia akieleza kwamba kioo cha dirisha hutoa sodiamu kadiri kinavyotaka chenyewe. Kioo hiki hutoa nyingi, kile hutoa kidogo, na kwa miaka minne alikuwa akipika bila kujua chumvi ni kiasi gani. Sasa ametumia kioo kisicho na magadi kabisa, kinachovumilia moto mkali zaidi, halafu sodiamu ameitia mwenyewe kwa kipimo, na utando ulipokwisha kuiva akaupitishia mvuke wa chumvi ya potasiamu juu yake, kidogo sana.

Akawasha taa ya majaribio juu ya seli. Namba kwenye kipimo zikapanda, zikasimama. Kumi na saba na nusu.

Mkaguzi mkuu, mama mwenye mvi na daftari, akasogea akasoma mwenyewe. "Na wazo la kioo hiki ulilipata wapi?"

"Nililetewa bila kuombwa," akasema Bi Milimita. "Kikaniharibia kazi wiki tano. Nilipokaa kuhesabu hasara, nikagundua sijawahi kuwa na kioo kisafi hivyo maishani mwangu. Aliyekileta ni yule pale mlangoni."

Watu wote wakageuka. Fundi akatamani awe na kioo cha kabati cha kujificha nyuma yake.

Mkaguzi mkuu akafunga daftari, akasema barua rasmi itafuata, lakini asianze kufungasha vitu.

Walikutana nje, kwenye ngazi za mbele. Jua lilikuwa kali na upepo unavuma. Bi Milimita alikuwa anacheka peke yake, mikono imejaa mafaili.

"Pongezi," fundi akasema. "Nimefurahi mpaka sijui niseme nini. Ila kuna kitu kimoja sijakwambia."

Kicheko kikapungua. "Sema."

"Siku ile nilipoungama, sikuja kuungama. Nilikuja na vioo vya dirisha, nikupe kimyakimya, mambo yatengemae bila wewe kujua. Ningekaa na siri hiyo mpaka kufa. Ule ubao ndio ulionishinda."

Fundi akaona amejivunjia tena, safari hii kwa mikono yote miwili, na siku nzuri kama hii.

"Kwa nini unaniambia leo? Mambo si yameshatengemaa?"

"Ndiyo maana. Yakitengemaa hivi nami nimeficha moja, nitakuwa nakuogopa kila siku."

Akamwona anaweka mafaili chini, juu ya ngazi, moja juu ya jingine.

"Nilijua," akasema. "Ubavu wa kioo cha dirisha ni wa kijani. Ulipoondoka tu nikafungua kifurushi. Mtu anayekuja kuungama haji na vipande themanini vipya mkononi."

"Umejua siku zote hizi?"

"Na nikanyamaza. Nikajiambia, akinieleza mwenyewe bila kubanwa, huyu ni wangu. Asiponieleza, nitaendelea kununua vioo kwake, lakini nitadai risiti."

Fundi akacheka. "Kwa hiyo mimi ni wako."

"Bado hujaomba."

"Nilipanga nije na Shangazi, na maneno yaliyopangwa vizuri."

"Shangazi amenipigia simu mara sita tangu tugombane. Hana jipya la kuniambia. Omba wewe."

Fundi akamshika mikono yote miwili. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya kazi, kama vya fundi.

"Nakupenda. Naomba nikuoe."

"Nimekubali," akasema Bi Milimita. "Nimekubali tangu uliposema kuna kitu kimoja."

Wakaguzi walikuwa wanashuka ngazi, ikabidi wapite pembeni. Fundi, ambaye hakuwahi kukosa neno kwa mteja yeyote, alisimama juani na shati lake la pasi tatu, machozi yanamtoka mbele za watu, wala hakuyafuta.